Mwashi aliyejifunza kusuka nondo

Kwa miaka sita nilikuwa mwashi tu, na kila mara kuta zilipokamilika nilikusanya mwiko, timazi na pima maji yangu nikarudi nyumbani kusubiri simu, huku wasuka nondo wakiendelea kulipwa kwenye saiti ileile. Mwaka jana nilimwomba mmoja wao, mzee asiyependa maswali mengi, aniruhusu nimsaidie jioni baada ya kazi yangu. Wiki mbili za mwanzo alinipa kukunja ringi tu, zile pete za chuma zinazozishika nondo pamoja, na waya wa kufungia ulinichubua vidole hata kula ugali ikawa taabu.

Kosa langu kubwa lilitokea kwenye boriti: niliunganisha nondo za milimita 12 kwa kuzipishanisha sentimita 30, wakati mchoro ulitaka mara 40 ya kipenyo, yaani sentimita 48. Mhandisi alipima, hakufoka, akaniagiza nifungue zote. Usiku huo ndipo nilipoanza kujifunza kusoma ramani za ujenzi kwa dhati, kwa sababu nilitambua kuwa nilikuwa nikiiga mikono ya wenzangu bila kujua walichokuwa wakikifuata.

Sasa nimejiandikisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, maana, tuseme ukweli, makandarasi wengi huulizia cheti kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Katika jengo la sasa nimefanya kazi mfululizo tangu msingi, na wiki ijayo tunamwaga zege la ghorofa ya kwanza.