Siku moja maishani mwangu: Hilux, dungu na saa za maji

Saa 10:40 alfajiri, Tumbe

Huwa najua maji yamejaa kabla sijafumbua macho. Mawimbi yanaacha kuvunjika kule mbali, yanaanza kugonga mbavu za vyombo vilivyofungwa ukingoni, na mlio wake unanifikia kitandani. Mwezi umeandama juzi. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, na wakati wa bamvua pwani zetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, zikakauka mnamo saa nne. Siku yangu yote imepangwa na saa hizo.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Nyumbani kwangu ni Chake Chake, kisiwani Pemba, lakini siku za kiza nalala kwenye gari, nyuma ya Hilux yenye chumba nilichokijenga mwenyewe. Nakiita dungu. Wazee wetu waliokuwa wakilinda mpunga walijenga dungu juu ya nguzo, wakalala humo ndege na tumbili wasiingie shambani. Langu lina urefu wa mita mbili na robo na upana wa mita moja na nusu. Godoro liko juu, droo za vifaa chini, jiko la gesi karibu na mlango.

Watu huniuliza kisiwa chenyewe ni kilomita 67 hivi toka kichwa hadi mkia, kuna haja gani ya kulala njiani? Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa kiza na taa zao, hurudi alfajiri. Mashine iliyowafia usiku inatakiwa ipone kabla ya jioni, na wakati mzuri wa kuishughulikia ni maji yakiwa yametoka, boti imekaa kitako mchangani. Nikitoka nyumbani baada ya chai, nawakuta wamelala na maji yanarudi. Zaidi wale wa dago, waliohama makwao na kupiga kambi pwani za pembeni. Kwao fundi ni yule aliyepo pale pale.

Nikishatia udhu, kabla ya adhana, natazama mita ya betri: volti 12.4. Imetumia kama robo, nami nashukuru. Usiku feni ilizunguka mpaka saa nane, maana kaskazi inaishilizia na joto limetulia kama kifuniko. Sishushi betri hii chini ya 12.2, hapo imebaki nusu. Adabu hiyo niliipata Unguja. Nilikuwa mwanagenzi mjini umeme ulipokatika Disemba 2009 na kurudi Machi 2010, miezi mitatu ya giza. Tulichaji simu za watu kwa betri za magari, asubuhi hadi usiku, tukizikamua mpaka taa zinakuwa nyekundu. Kufika mwezi wa pili zote zilikuwa mawe. Betri ya maji haifi kwa kutumika. Inakufa kwa kukamuliwa na kuachwa tupu.

Saa 12:20 asubuhi

Boti zinaingia na bahari inaanza kushuka. Mpwa wangu, ambaye ananifuata mwaka wa pili sasa, amekwisha kufungua mlango wa nyuma na kufunga jiliwa kwenye ubao wake. Mlango huo tumeufanya benchi. Ndiyo faida kubwa ya dungu: karakana imekuja mpaka mchangani.

Mashine ya kwanza inachemka. Nikaiwasha mara moja, nikaona mshipi wa maji unaotoka ubavuni umekonda kama uzi, nikazima. Ni impela, kipande kinachozunguka na kusukuma maji ya kupoza mashine, mchanga umezila bawa zake. Maji yalipotoka vya kutosha tukashusha mguu wa mashine, tukabadilisha, tukarudisha. Ya pili ni ya nguvu za farasi 40 na imeshika kabisa, pistoni haisogei. Nilimuuliza nahodha kama oili aliichanganya sawa, lita moja kwa petroli lita 50. Akatazama miguu yake. Sikumlaumu, petroli yenyewe aliinunua kwa kubahatisha. Lakini mashine hiyo haitibiki pwani, lazima niibebe.

Saa 4:10 asubuhi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ukiniuliza kumiliki gari la kulala ni nini, nitakwambia ni kujua uzito.

Dungu langu la mwanzo nililijenga kwa mkangazi na plaiwudi nene. Lilipendeza kama kabati la bibi harusi. Likanitia hofu mara ya kwanza niliposhuka nalo kilima: usukani umekuwa mwepesi mkononi, pua ya gari imeinuka, nyuma inayumba kila kona. Nikalivunja vipande, nikavipima kimoja kimoja kwa mizani ya samaki sokoni. Kilo 410, bila godoro. Nikalijenga upya kwa fremu ya aluminiamu, plaiwudi nyembamba, na katikati ya kuta nikajaza vipande vya maboksi meupe ya samaki, yale yanayohifadhi barafu. Sasa lina kilo 240, na mchana halichomi kama bati.

Tangu siku hiyo kila kinachopanda kina namba kwenye daftari. Vifaa kilo 110. Maji lita 40, ndiyo kilo 40. Betri 30. Mguu wa akiba wa mashine 25. Matandiko 15. Mtungi mdogo wa gesi na chuma chake 13. Mimi na mpwa wangu 135. Pamoja na dungu lenyewe, jumla 608. Hilux ya namna hii huhesabiwa kubeba kama tani moja, lakini yangu ni ya 1999 na barabara zetu zina vilima, kwa hiyo ukomo wangu ni 700. Niliongeza jani moja la springi nyuma, na hilo nalichukulia kuwa msaada tu. Jani la springi linainua mkia wa gari. Breki, beringi na tairi zimebaki zile zile.

Mashine ya farasi 40 tukaipima: 75. Sasa tumefika 683. Tukailaza ndani kabisa, imegusana na kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiuweka mzigo mzito mlangoni ndipo usukani unapokukimbia.

Akaja babu mmoja, fimbo kwapani.

"Fundi, mwanangu, unapita Konde?"

"Napita, babu."

"Nina gunia la muhogo la binti yangu. Yuko arubaini, hana wa kumletea."

Gunia lilipima 45. Mpwa wangu akanitazama, naye anazijua hesabu. Kumwambia mzee kwamba gari limejaa wakati anaona kwa macho yake nafasi imebaki ni jambo zito, na binti aliyejifungua si wa kukataliwa muhogo. Nikamwambia mpwa wangu afungue bomba la tangi. Lita 40 zote tukazipitisha kwenye mpira, tukazinyunyizia springi na chasisi kutoa chumvi ya usiku. Hazikupotea, na Makangale kuna kisima. Gunia likapanda. Tukaondoka na 688.

Saa 5:50 asubuhi, msitu wa Ngezi

Konde tulishusha muhogo, tukapewa chai ya rangi mlangoni na dua nyingi. Tukaingia msituni. Hapa naendesha polepole, dirisha wazi, redio imezimwa, kwa sababu ya matawi na kwa sababu ya kusikiliza. Gari lenye chumba mgongoni husema nawe. Kila mlio una mahali pake, na ukishauzoea ule wa kawaida, mgeni unamjua.

Mgeni akaja. Kishindo kimoja kwenye shimo, nyuma kushoto. Nikasimama.

Dungu linashikwa kwa minyororo minne yenye skrubu za kukazia. Ule wa nyuma kushoto ulikuwa umelegea: boliti yake imekatika, na pale ilipokatika pana duara jeusi la kutu ya zamani na kijisehemu kidogo cha chuma kinachong'aa. Maana yake ilikuwa imepasuka kitambo, ikabaki kushikwa na ukucha. Niliipaka rangi mwezi uliopita. Rangi ilinificha ufa, na ningeigonga kwa nyundo ningeisikia.

Mwenye gari la namna hii anisikilize hapa. Mwanzoni nilifunga minyororo kwenye ndoano za bodi, zile za kamba ya mzigo. Baada ya miezi mitatu bati lilianza kuraruka kama karatasi, kwa sababu chumba kirefu hakitulii kama gunia. Kinayumba, kila kona kinavuta. Minyororo ifungwe kwenye chasisi, chini. Sasa yangu yote iko huko, kwa hiyo mmoja ulipokatika mitatu ilibaki imelishika dungu kwa uhakika. Tukabadilisha boliti kutoka kwenye kopo la akiba, tukagonga na kukaza zile nyingine. Dakika 40, na tumbili wametukalia juu wakitazama.

Wenye mali Marekani wana vyumba vya namna hii vya kiwandani, vina choo na jokofu, vingine vinazidi tani moja, na huvipachika kwenye pikapu kubwa zenye tairi nne nyuma. Kitu kimoja nimekichukua kwao: miguu minne ya jeki kwenye pembe. Unakiinua chumba, gari linatoka chini yake, chumba kinabaki kimesimama. Miguu yangu ni mabomba ya chuma. Msimu wa karafuu ukifika dungu linasimama uani kwangu, na Hilux inakwenda kubeba magunia. Bila hivyo nisingeweza kulimiliki. Gari la kulala tu, kwa mtu wa kipato changu, lingekuwa anasa.

Saa 7 mchana, Makangale

Adhuhuri, wali na changu wa kuchoma, usingizi wa nusu saa chini ya mwembe.

Saa 8:30 mchana

Kisimani tukajaza tangi, kisha tukaosha gari zima chini. Chumvi haionekani, lakini ukipitisha kidole ndani ya ringi utaionja. Nikamwonyesha mpwa wangu jambo nililolijua kwenye boti kabla ya gari. Aluminiamu ikigusana na chuma, ukatia maji ya chumvi katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana mashine ya boti hufungwa kipande cha zinki, kiliwe chenyewe badala yake. Nilipolijenga dungu hili la aluminiamu, mwanzoni nilitumia skrubu za chuma tupu, na matundu yakawa unga mweupe. Siku hizi kila zinapokutana naweka kipande cha mpira wa tyubu.

Masika yako mlangoni, kwa hiyo tulimaliza na paa. Nilimwagia ndoo mbili za maji kwenye kila maungio, mpwa wangu akiwa ndani na tochi. "Kavu, mjomba. Kavu. Hapa kuna tone." Tone moja, kwenye tundu la nyaya za sola. Nikaikwangua silikoni yote ya zamani, maana mpya juu ya ya zamani haishiki, nikapaka nyingine. Plaiwudi ikilowa hujui mpaka siku unayoikanyaga na mguu ukazama.

Saa 10:15 alasiri

Maji yamejaa tena. Vijana wa dago waliniita niteremshe gari mchangani nikachukue mashine yao. Nikakataa, tukaibeba kwa mikono. Ningeweza kushusha upepo wa tairi hadi psi 18 na kupita, nimefanya hivyo kwenye njia za mchanga juu. Ufukoni wakati wa bamvua sifanyi. Nimeshuhudia gari likizama hadi milangoni, wanaume ishirini wakisukuma, bahari haina haraka wala haisubiri.

Saa 12 jioni

Kabla giza halijaingia nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Ananijua, mwaka wa tano huu, lakini kila mara nakwenda. Mgeni anayelala kijijini bila kusema ni mashaka kwa watu, hata awe fundi. "Shikamoo, mzee sheha. Niko tena." "Marahaba, fundi. Kaa pale pale penye mnazi, lakini sogea, nazi zimekomaa." Nikasogea. Popo walianza kutoka, popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote, mabawa yao taratibu kama mtu anayetanda khanga.

Saa 2:30 usiku

Tulipika nje. Jiko la mkaa haliingii ndani ya dungu, hata makaa yakiwa yamefifia, hata mvua ikinyesha. Hewa yake haina harufu na inaua aliyelala. Mtungi wa gesi una sanduku lake la nje lenye matundu chini, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Hayo mawili mpwa wangu ananisomea kila usiku kabla ya kupanda kitandani, nami sichoki kuyasikia.

Daftari: boliti moja, impela moja, silikoni nusu tyubu. Betri 12.7, jua lilikuwa zuri. Baharini taa za dagaa zimekwisha kujipanga.

"Mjomba," akasema gizani, "tukiongeza betri ya pili, feni ingezunguka mpaka asubuhi."

"Kilo ngapi?"

"Thelathini."

"Tutashusha nini?"

Akanyamaza. Nikasinzia, na nilipoamka kugeuka upande nilimsikia bado anahesabu kwa sauti ya chini, droo moja moja.