Nilivyoifundisha Leaf yangu kuhesabu uniti

Siku gari liliponiishia chaji Boko, asubuhi yake dashibodi ilikuwa imeniahidi kilomita 118.

Nilitoka Mbezi Beach kwenda Bagamoyo kumwona shangazi, kama kilomita 50 kwenda na 50 kurudi. Gari ni Nissan Leaf ya mwaka 2011, betri ya kilowati-saa 24, mtumba wa Japani. Hesabu haikuhitaji karatasi: 118 kutoa 100. Nikapandisha vioo, nikawasha kiyoyozi, na barabara ilipofunguka baada ya Bunju nikaenda spidi ya 80 kama watu wengine.

Wakati wa kurudi, maeneo ya Mapinga, vijiti vya mwisho vya chaji vikaanza kuwaka na kuzima. Kufika Bunju namba ya kilomita ikatoweka, pakabaki vistari vitatu. Boko akatokea kobe. Wenye Leaf tunamjua: ni taa ndogo yenye picha ya kobe, na ikiwaka gari linajipunguzia nguvu, unabaki kutambaa pembeni huku bajaji zinakupita na abiria wanageuka kukutazama.

Nikajivuta hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti. Umeme anao, kivuli anacho. Nikamweleza shida yangu, akalizunguka gari mara moja, halafu akauliza:

"Sawa kaka, chomeka. Ila linakula uniti ngapi?"

Sikujua. Nina gari la umeme mwezi wa nne, na swali la kwanza ambalo Mtanzania yeyote angeliuliza sina jibu lake. Nikanunua uniti 10 kwa simu, akaziingiza kwenye LUKU yake, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, tukaandika namba iliyokuwa inasomeka. Baada ya saa mbili na dakika kumi hivi tukasoma tena: zimekwenda 5. Zilizobaki nikamwachia, nikafika nyumbani.

Swali lile halikuniacha. Uniti ya LUKU ni kilowati-saa moja, ileile inayotumika kupimia betri ya gari. Nyumbani kwetu kila mtu anajua uniti: pasi ikisahaulika mezani kelele zinapigwa, hita ya maji ina ratiba yake. Sasa kwa nini gari liniongeleshe kwa vijiti?

Maana ndivyo zilivyo Leaf za mwanzo. Hazionyeshi hata asilimia ya chaji. Hiyo ilikuja na toleo lililotoka Japani mwishoni mwa 2012. Langu lina vijiti 12 vya chaji, na pembeni yake vijiti vingine 12 vidogo vya afya ya betri, ambavyo kwangu vitatu vimeshatoweka. Kuna viduara vya kuonyesha nguvu inayotumika. Kwenye kioo kidogo cha juu, pembeni mwa spidi, kuna mti unaoota ukiendesha kwa upole. Mti! Na ile skrini kubwa ya katikati inaongea Kijapani mwanzo mwisho.

Ile namba ya kilomita nayo, kusema kweli, haikunidanganya. Inakisia kutokana na ulivyoendesha siku za karibuni, na wiki nzima kabla ya safari nilikuwa kwenye foleni ya Mwenge nikienda spidi 20 na 30. Gari la umeme hupenda foleni, kwa sababu likisimama mota haili umeme, na kwa mwendo mdogo upepo haulizuii. Namba ilikuwa inanisimulia wiki iliyopita, mimi nikaisoma kama ahadi ya Bagamoyo.

Nilianza na njia ya mkato. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya OBD ya kuchomeka kifaa cha kusomea hitilafu. Kariakoo nikanunua kidude cha Bluetooth cha ELM327 na kuweka kwenye simu programu ya LeafSpy, iliyotengenezwa mahususi kwa magari haya. Kidude cha kwanza kilikuwa cha bei ya chini, kimeandikwa toleo la 2.1. Kinaunganika vizuri, halafu hakuna kitu. Nikapoteza jioni mbili nikidhani ni simu, kumbe vingi vya kuigiza vyenye namba hiyo vimepunguzwa amri ambazo programu inazihitaji. Cha pili, cha 1.5, kikafanya kazi dakika ileile.

Hapo ndipo nilipolijua gari langu. Leaf huhesabu umeme wake kwa vipande ambavyo wenyewe wanaviita gidi, kimoja ni kama wati-saa 77. Betri mpya ya aina hii ikijaa husoma gidi 281. Yangu ikijaa: 196. Ukizidisha unapata uniti 15 na kidogo. Kwa spidi ya 80 na kiyoyozi, uniti moja inanipeleka kama kilomita 6. Kumi na tano mara sita, tisini. Asubuhi ile niliondoka nyumbani tayari nikiwa na deni la kilomita kumi.

Simu ilitosha kwa mwezi mmoja. Jua la saa saba la Dar likipiga kwenye kioo simu inachemka na kujizima. Ikipigwa, namba zinafichwa na jina la mpigaji. Na mke wangu akichukua gari, simu yangu haiendi naye. Nikaamua niweke skrini ya gari lenyewe.

Vifaa vyenyewe ni vichache: kompyuta ndogo ya ESP32, skrini ya rangi ya inchi 2.4, kibao cha SN65HVD230 kinachoiwezesha ESP32 kusikia nyaya za gari, na kipunguza umeme cha kutoka volti 12 hadi 5. Nyaya hizo ni mbili, zimesokotwa pamoja, zinaitwa CAN. Mtu akitaka kuelewa zinavyofanya kazi, asimame kituoni Mwenge awasikilize makonda. Kila kompyuta ya gari, ya betri, ya mota, ya breki, inatangaza habari zake kwa wakati wake, na kila tangazo lina namba yake. Hakuna anayemwambia mtu fulani. Anayekwenda Posta atasikia Posta, mengine yatampita. Kwenye Leaf nyaya za upande wa betri zinafika kwenye pini ya 13 na ya 12 za soketi ileile ya OBD. Tangazo namba 5BC linabeba gidi, 55B linabeba asilimia ya chaji, 1DB linabeba volti na ampea. Kwa 5BC unachukua baiti ya kwanza, yaani biti (sifuri na moja) nane za mwanzo, unazidisha kwa nne, unaongeza biti mbili za juu za baiti ya pili. Basi. Volti mara ampea inakupa wati zinazotoka sasa hivi, na ukiachia mguu mteremkoni zinageuka hasi, umeme unarudi kwenye betri.

Makosa nikayafanya kwa zamu. La kwanza nililiwahi kwa bahati. Gari likiwa limezimwa nilipima ukinzani kati ya zile pini mbili, mita ikasoma omu 60, inavyotakiwa: kila mwisho wa nyaya kuna risista, kipande cha kuzuia umeme, ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Nikachomeka kibao changu, nikapima tena kwa mazoea tu. Arobaini. Nikakigeuza kibao chini ya taa: pembeni, kadogo kama punje ya ufuta, kuna risista nyingine ya 120 ambayo mtengenezaji huiweka bila kukuuliza. Zikiwa tatu sambamba ndiyo hiyo 40. Nikaishika kwa kibano, nikaigusa na ncha ya chuma cha kulehemu, ikaruka ikapotea kwenye zulia. Mita ikarudi 60. Kila anayenunua kibao hiki aitafute hiyo punje kwanza.

La pili nilikosea spidi ya mawasiliano. Nyaya hizi zinaenda kilobiti 500 kwa sekunde, mimi nikaandika 250, na mbaya zaidi niliiacha ESP32 kwenye hali ya kusema na kusikia. Isipoelewa kitu, katika hali hiyo, nayo hupiga kelele za kulalamika katikati ya mazungumzo ya wenzake. Nilipowasha gari dashibodi ikawa kama mti wa Krismasi. Nikachomoa, nikasubiri, nikawasha tena, taa moja ikabaki mpaka nilipoifuta kwa kifaa. Tangu siku hiyo programu yangu iko kwenye hali ya kusikiliza tu. Nyaya zilezile ndizo mota inazopokelea amri. Mimi ni mgeni, nakaa mkekani nasikiliza.

La tatu lilinigharimu safari. Umeme wa skrini niliuchukua pini ya 16, ambayo ina volti 12 muda wote, gari likiwaka lisiwake. Nikasema ni kidogo, haina neno. Tukaenda Tanga kwa basi siku kumi. Kurudi, nabonyeza kitufe, kimya. Mlango wenyewe niliufungua kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Betri kubwa imejaa, uniti 15 zimo chini ya viti, na gari limekufa kabisa, kwa sababu swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari zinahitaji ile ndogo ya volti 12 kuzivuta. Jirani akaja na nyaya za kubusti kutoka kwenye Noah yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Gari la umeme kubustiwa na la petroli! Sasa umeme nauchukua kwenye fyuzi inayopata moto gari likiwashwa tu, kupitia fyuzi yake ndogo ya ampea 1.

Sanduku, gundi iliyoyeyuka kwa jua, mwanga unaoakisi kwenye kioo usiku, hayo yalikuwa ya kawaida. Kihisi mwanga cha shilingi elfu mbili kikapunguza ung'avu giza likiingia. Skrini sasa imekaa nyuma ya usukani, kwenye ukingo wa juu wa dashibodi.

Kazi ngumu ilikuwa kufuta. Skrini ya kwanza niliijaza: gidi, asilimia, volti, ampea, joto la betri, wastani, grafu. Namba tele. Siku moja Tegeta nilikuwa nashangaa volti za betri zimeshuka ngapi, nikainua macho bajaji iko mbele ya boneti. Breki zilishika. Jioni ile nikakaa na mke wangu ndani ya gari, nikamwomba aniambie anaona nini.

"Naona hospitali," akasema. "Mgonjwa yuko mahututi, baba watoto. Mimi nataka kujua nitafika au sitafika."

Zikabaki tatu. Ya kwanza, kubwa, inajaza nusu ya skrini: UNITI, na desimali moja. Chini yake kilowati zinazotumika sasa hivi. Pembeni, kwa maandishi madogo, kilomita ngapi kwa uniti tangu gari liwashwe. Joto la betri linatokea likipita digrii 40 tu, kwa kuwa betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza na Dar ni Dar. Likitokea natafuta kivuli na sichaji mpaka jioni. Kwenye ile namba kubwa nimetoa uniti moja kabla ya kuionyesha, ili sifuri isiwe sifuri kweli. Hilo mke wangu simwambii.

Bagamoyo nilirudi mwezi uliofuata. Nilikwenda spidi ya 60, kiyoyozi nikawasha Zinga tu kujifuta jasho kabla ya salamu. Kwa shangazi niliingia na 7.1, skrini inasoma kilomita 7.3 kwa uniti. Uniti nilizobakiwa nazo zingeweza kunirudisha, lakini kwa tabu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kile kigari chako? Kinakula?"

"Naomba nikichaji kidogo. Nitakununulia uniti nne."

Akauliza nimejuaje kuwa ni nne. Nikamwita aje aone skrini, akachungulia dirishani, akarudi kwenye mkeka wake akisema hata mita yake ya ukutani haina maandishi makubwa vile.

Jumamosi iliyopita mke wangu alinipigia akiwa Mwenge. Zamani angeuliza vijiti vimebaki vingapi na maana yake nini. Alisema, "Ina 4.2. Napitia Kariakoo kwanza." Akakata simu.