Chupa ya chumvi kwenye kaunta ya maktaba: siku yangu moja kazini

Saa 12:40 asubuhi. Nimebanana kwenye daladala na vumbi la Dodoma limeshaniingia masikioni. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja huu. Nikitaja kazi yangu mtaani, swali ni lile lile: "Kwa hiyo unalinda vitabu?" Nilishaacha kubishana.

Saa 1:30. Kazi ya kwanza si vitabu, ni madirisha. Mhudumu wetu anaujua upepo wa hapa kuliko mhandisi aliyechora jengo. Tukifungua pande zote mbili mapema, feni zinapumzika hadi saa 5 hivi. Taa za nyuma haziwashwi mpaka mtu akae kule. Zamani zilikuwa zinaangazia rafu kutwa nzima. Kisha naweka ndoo ya maji ya kunywa mlangoni. Kanuni ya zamani ilikataza maji ndani, na kipindi cha mitihani watoto wa watu walikuwa wanakaa hata kwa muda wa saa nane na midomo mikavu. Sasa chupa yenye kifuniko ruksa.

Saa 3:15. "Shikamoo, madam." Kijana wa mwaka wa tatu, simu mkononi, uso umekunjamana. Anaandika utafiti kuhusu sumukuvu kwenye mahindi na kila makala anayofungua inamdai dola thelathini na kitu. "Yaani mahindi ni ya kwetu, ugonjwa ni wa kwetu, halafu kusoma nilipie dola?"

Ana haki ya kununa. Mwaka 2016 sumukuvu ililipuka hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, ikaua watu wapatao 20. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Ikiingia nyingi kwa mkupuo inaua, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini.

Nikamvutia kiti. Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari mwaka 2002 ili vyuo vya nchi kama yetu visome majarida ya afya bila malipo au kwa malipo kidogo. Mwaka uliofuata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaja na AGORA ya kilimo, na zote sasa ziko chini ya mpango mmoja, Research4Life. Chuo kikishasajiliwa, mwanafunzi anaingia kwa nywila ya chuo. Dakika tano, makala tatu zimeshapakuliwa. "Kumbe vilikuwepo siku zote?" Vilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma: tuna ghala limejaa na wenye njaa hawajui mlango ulipo. Nikamsihi asiirushe nywila kwenye grupu la WhatsApp. Sina uhakika kama alinisikia.

Saa 5:20. Umeme umekatika. Saa 7 umerudi. Tuendelee.

Saa 7:15. Kwa mama ntilie, ugali na mlenda wa karanga. Mtamu kweli, ila kazi hii imeniharibu: kila nikionja karanga najiuliza zilianikwa wapi.

Saa 8:30. Wageni wangu wamefika, afisa ugani na akina mama sita wa kikundi cha wakulima. Ghalani kwetu kuna tasnifu kadhaa za sumukuvu, data zake zimetoka vijijini mwao, zimeandikwa Kiingereza na kujaladiwa vizuri, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuziona. Mwaka jana tuliwaomba walimu wa lishe watusaidie kuzigeuza kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Lakini karatasi peke yake haitoshi, kwa hiyo nikatoa chupa.

Chupa ya kioo, kavu kabisa. Mahindi yanajaa kama theluthi, chumvi kavu vijiko vitatu, unaziba na kutikisa dakika nzima, halafu unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi: unyevu umepita asilimia 15, wakati ghalani hatutaki uzidi 13.5, ukungu usije ukaota. Ya kwetu iliganda kama ukoko.

"Sisi huwa tunang'ata," akasema bibi mmoja, na wenzake wakacheka. Kisha akauliza yale ambayo wanafunzi wangu hawaulizi. "Nikichemsha sana, hiyo sumu si inakufa?" Haifi, bibi, moto wa jikoni hauiwezi. Anika kwenye turubai, si chini. Chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu. Kukoboa nako kunapunguza. "Basi hizo mbovu nimpe ng'ombe?" Hapana, sumu inarudi kwako kwenye maziwa. Akanyamaza kidogo. "Mnayajua haya tangu lini?"

Sikuwa na jibu zuri.

Saa 10:45. Ripoti ya mwezi. Fomu ina safu ya vitabu vilivyoazimwa, vilivyorudishwa na vilivyopotea. Safu ya bibi haipo. Ukutani juu yangu kuna bango la Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yale ya 2015 yanayotakiwa kutimia 2030, na jua limeshalipausha. Nimeandika pembeni kwa kalamu: wageni saba, tasnifu nne zimetumika. Wakiuliza nitaeleza.

Saa 11:30. Nafunga madirisha. Chupa siioni kwenye kaunta. Bibi ameondoka nayo. Kesho nije na nyingine, na chumvi.