Jumamosi ya Kimea

Karatasi ya lishe ambayo mgonjwa wangu alipewa kliniki wiki mbili nyuma ilikuwa imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya kopo la chumvi. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya Julai 2019, Bugarika, Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe. Karatasi yenyewe haikuwa na kosa: samaki, mboga za majani, jamii ya kunde, karanga, matunda. Lakini mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi anajua chakula kizuri ni kipi. Kinachomshinda ni kunyanyuka, kuwasha jiko, kumenya kitunguu, kungoja kunde ziive, na baada ya yote hayo, kumeza. Hayo sisi wa kliniki hatukuyaandika. Ndiyo maana nilipanda kilima kile na kikapu: nusu kilo ya dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, unga wa ulezi, karanga, ndimu na kijikopo cha kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa.

Mama mkwe wa mgonjwa alinipokea. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu. Huyu hali. Nimepika mpaka nimechoka."

Mgonjwa, dada wa miaka 34, alikuwa mkekani, amejifunika khanga ingawa jua lilishawaka. Nilimwomba anitajie alichokula jana, saa kwa saa. Ukimuuliza mtu kama anakula vizuri, atakujibu ndiyo, na hutapata kitu. Jana ilikuwa hivi: saa nne chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari, nusu andazi. Saa kumi chai tena. Usiku matonge mawili ya ugali. Basi. Kisha nikamuuliza waziwazi kama mawazo ya kufa yanamjia. Swali hilo hutangulia kikapu, kwa sababu jibu likiwa ndiyo safari ni ya hospitali siku hiyohiyo. Akasema hapana, amechoka tu.

Dawa zake zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20, alikuwa akiimeza asubuhi tumbo tupu. Wiki za mwanzo dawa hiyo huweza kuleta kichefuchefu na kukata hamu ya kula, na tumbo tupu huzidisha. Vidonge vya madini chuma alikuwa ameviacha siku ya nne. Kipimo cha damu yake kilikuwa gramu 9.1 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afikishe 12. Kwa nini aliviacha? "Niliona choo cheusi, nikaogopa." Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza madini chuma, na kumwambia ni sentensi moja. Hakuambiwa. Hata siku zile nne alivimeza kwa chai, na chai ya rangi huyakamata madini chuma tumboni yasiingie mwilini. Uchovu wa kupungukiwa damu hukaa juu ya uchovu wa sonona mpaka mtu hajui alie na upi.

Rafuni palikuwa na chupa ya vidonge vya vitamini mchanganyiko, mumewe kainunua kwa bei ya kuumiza. Sikumlaumu, ni mapenzi. Lakini utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka huohuo wa 2019, uliohusisha watu zaidi ya 1,000 katika nchi nne, ulionyesha kwamba virutubisho vya vidonge havikuzuia sonona. Kidonge husaidia pale upungufu ulipopimwa ukaonekana, kama ilivyokuwa kwa damu yake. Chakula chenyewe kina ushahidi wa kutia moyo: Felice Jacka na wenzake, Australia, 2017, waliwafuata watu 67 wenye sonona kwa wiki 12. Kati ya waliobadilishiwa chakula, karibu thuluthi walifika mahali pa kutohesabiwa tena kuwa na sonona. Kati ya waliopewa mtu wa kuzungumza naye, 8 kwa 100. Utafiti ni mdogo, na wengi wao walikuwa wakiendelea na tiba nyingine. Ninachokishika mimi hapo ni kwamba mtaalamu wa lishe alikaa na kila mmoja mara saba. Sisi tulikuwa tumetoa karatasi.

Tukaanza na uji. Mtu anayeweza kumeza nusu kikombe tu, nusu hiyo lazima ibebe chakula cha kikombe kizima. Uji mwepesi wa kawaida sehemu kubwa ni maji, na ukiuzidisha unga unakuwa mzito, haumezeki. Kazi ya kimea ni hiyo. Nilikoroga kikombe kimoja cha unga wa ulezi katika kikombe cha maji baridi ili usifanye madonge, nikamimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, nikasonga kwa mwiko dakika kumi. Ukawa mzito kama ugali mlaini. Nikaepua, nikangoja mpaka mvuke ukapungua. Kungoja huku ndiko watu wengi hukuruka: kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka kimeng'enya chake, kile kinacholainisha uji, hufa, na hakuna kinachotokea. Nikatia kijiko kimoja cha chai cha kimea, nikakoroga.

Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya sufuria. Mwiko uliokuwa umesimama wima ukaanza kulala taratibu, ukagusa ukingo. "Umeongeza maji?"

"Hata tone, mama."

Nikaurudisha motoni dakika tano, kuua vijidudu vya kwenye kimea, nikatia vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Karanga tulikuwa tumezichambua moja moja, zilizosinyaa na zenye rangi ya ukungu zikatupwa, maana ndizo hubeba sumukuvu. Unga wa karanga uliosagwa sokoni huwezi kuuchambua.

Dagaa nusura waharibu kazi. Mchanga wa kuanikia hauishi kwa maji ya kwanza. Tuliwatoa vichwa, tukawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kila mara tukiwanyanyua kwa mkono badala ya kumwaga, mchanga ubaki chini. Nilipoanza kuwakausha kikaangoni, harufu ikajaa chumba, dada akainuka akatoka nje ameziba mdomo. Kosa langu. Jiko tukalihamishia nyuma ya nyumba. Wakishakauka wakawa wanavunjika vidoleni, wakatwangwa, wakawekwa kwenye kopo lenye mfuniko. Vijiko viwili vya chakula vya unga huo kwenye mchicha wenye nyanya, mwishoni kabisa, na ndimu ikamuliwe juu baada ya kuepua: anapata protini, vitamini B12, madini chuma, na harufu karibu haipo.

Ratiba tuliiandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango. Saa moja asubuhi uji, kisha fluoksetini. Saa kumi kidonge cha madini chuma kwa maji na nusu chungwa, mbali na chai na mbali na uji pia, kwa sababu ulezi nao huyazuia. Saa moja usiku ugali kidogo, mchicha wa dagaa. Chai hakunyimwa; ilisogezwa saa sita mchana, kijiko kimoja cha sukari.

Kikombe cha kwanza alikinywa kwa dakika arobaini. Hakuna aliyemhimiza. Uliobaki mama mkwe aliumimina kwenye chupa ya chai, akaiweka karibu na mkeka pamoja na kikombe, mahali mkono unapofika bila kusimama.

Nilipokuwa nafunga kikapu akanifuata na daftari la mjukuu. Nikamtajia jinsi ya kutengeneza kimea: loweka ulezi usiku kucha, chuja, funga kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili, anika juani, pukuchua machipukizi, saga, usikaange. Usitumie mtama, machipukizi yake yana sumu. Akaandika polepole, akainua kichwa.

"Na mvua za vuli zikianza, jua litatoka wapi?"

"Otesha wa kutosha sasa hivi, mama. Ukikauka sawasawa unakaa."