Siku yangu na kitenzi kimoja cha Kiingereza

Saa 12 asubuhi. Niko Kayole na chai ya rangi, napanga somo. Nafundisha watu wazima Kiingereza. Wengi wametoka Kongo; Kiswahili wanakimudu vizuri, lakini hapa Nairobi fomu za kazi zimejaa Kiingereza. Leo ni zamu ya "get".

Saa 2. Ndani ya matatu ya kwenda mjini nanakili mifano: kupanda ni get on, kushuka ni get off. Ingekuwa teksi ningeandika get in na get out. Hakuna "kupata" hapo hata kidogo! Kamusi nyingi huanza na "pata", na mwanafunzi hukwama papo hapo.

Saa 4. Kundi la kwanza. Nawaambia watazame kinachofuata kitenzi. Ikifuata nomino, kama get a job, "pata" inatosha. Kikifuata kivumishi, mambo hubadilika: get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa, get old ni kuzeeka. Sisi badiliko lote tunalitia ndani ya kitenzi kimoja.

Mama mmoja, msusi, anauliza: "Mwalimu, na mtu akisukwa?"

Swali zuri mno. I got my hair braided, yaani nimesukwa. Hapo "get" inabeba kazi ya ile -w- yetu ya kutendwa. Mwingine anadakia: je, kuoa na kuolewa? Yote ni get married. Kiingereza hakiulizi nani kamwoa nani. Darasa linachangamka, naacha mpango wangu wa somo tuendelee na hilo. Kwangu hicho ndicho kiini cha kitenzi hiki.

Saa 7. Githeri, kisha kazini tena.

Saa 9. Kundi la vijana. I get you haiwasumbui, maana mitaani tunaulizana "umenipata?" tukimaanisha umeelewa. Nawaeleza pia kwamba neno hili liliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waviking, wakisema geta, na kwamba forget ni ndugu yake.

Saa 2 usiku. Nasahihisha. Kadhaa wameandika I got the hospital wakitaka kusema walifika hospitali. Inakosekana to tu: I got to the hospital. Kesho naanza na hiyo, kabla ya kugusa gotten ya Wamarekani.