Bodi zilizokataa kuwaka alfajiri

Masika yalipokolea, malalamiko yalianza kuja kutoka Kigamboni, na yote yalifanana: "Fundi, asubuhi pampu haiwaki, ikifika saa sita mchana inawaka yenyewe." Vifaa vilikuwa vya kupima kina cha maji tangini, vilivyounganishwa kwa mkono katika karakana ndogo ya jijini Dar es Salaam. Mimi niliitwa kuzikagua bodi zake zilizorudishwa, yaani vibao vya saketi.

Saketi yenyewe ilikuwa nyepesi. Vijiti vya chuma kisichoshika kutu vinazama tangini, na kila kijiti kinaunganishwa na pini ya aisii (chipu) ya CD4093. Volti ya pini hiyo inavutwa juu na rizista (kipingamizi cha umeme) ya 1 MΩ, yaani omu milioni moja, kwenye umeme wa volti 12. Maji yakigusa kijiti, volti ya pini inashuka, aisii inaelewa kuwa tangi limejaa, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inazima pampu. Ubaya wa rizista kubwa namna hiyo ni kwamba uchafu nao unahesabika kama maji. Pakitokea uvujaji wa 500 kΩ (omu laki tano) kati ya pini na grauni, yaani upande hasi wa umeme, pini inabaki na volti 4 tu, na tangi kavu linaonekana limejaa.

Mafundi walikuwa wakibadilisha aisii pamoja na soketi yake, na bodi inapona. Lakini kilichoiponya ni joto la chuma cha kulehemu lililokausha eneo lile, wala si aisii mpya. Siku chache baadaye, umande ukishuka, inarudi.

Niliweka mita kwenye kipimo cha 20 MΩ, ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye grauni, umeme ukiwa umezimwa, aisii imetolewa kwenye soketi na nyaya za tangini zimefunguliwa. Bodi kavu ilisoma juu. Nikaihemea kwa karibu, kama mtu anayesafisha miwani. Usomaji ukaporomoka hadi laki chache za omu, kisha ukapanda taratibu mvuke ulipokauka. Bodi safi haishtuki kiasi hicho kwa pumzi.

Chini ya lenzi, mambo yalikuwa mabaya zaidi kwenye tamino (kiungio cha nyaya), mahali volti 12 inapopakana na grauni. Shaba ilikuwa na ukijani, na nyuzi nyembamba za metali zilikuwa zimeota kutoka upande hasi kuelekea upande chanya. Nyuzi hizo zinahitaji vitu vitatu: unyevu, chumvi na volti. Metali inayeyuka upande chanya, inasafiri kama ioni (chembe zenye chaji) ndani ya unyevu, inajijenga upya upande hasi. Zikishagusa ng'ambo ni shoti, ila mkondo ukizidi zinaungua, na unapokuja kupima hukuti kitu. Ndiyo maana wengi huliita tatizo hili jini.

Chumvi ilitoka wapi? Mezani palikuwa na kopo la grisi ya kulehemu, ile ya mafundi wa mabati, yenye kloridi ya zinki. Risasi ya kulehemu inashika haraka, ni kweli, lakini kloridi inayobaki inavuta unyevu na kula shaba. Kisha bodi zilifutwa kwa spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 na kitambaa kilekile kutwa nzima. Kufuta hivyo ni kutandaza. Spiriti inaruka hewani, uchafu haurukii popote. Unabaki utando mweupe mwembamba, tena sasa umefika mpaka chini ya soketi za aisii. Waliosuuza kwa maji ya kisima waliongeza chumvi ya pwani juu yake.

Kopo liliondolewa, tukahamia waya wa kulehemu wa 63/37 (bati 63, risasi 37) wenye flaksi ya ulimbo ndani, yaani kisaidizi cha kulehemu, chuma kikiwa nyuzijoto 340 za Selsiasi hivi. Usafi ukapangwa upya: brashi na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, kisha beseni la pili la aisopropili ambayo haijatumika. Ulimbo unakubali alkoholi, lakini chumvi inataka maji, kwa hiyo linafuata beseni la maji yaliyokenekwa ya uvuguvugu. (Dukani huuzwa kama maji ya betri; hakikisha hukupewa asidi ya betri.) Mwisho ni aisopropili tena kuyafukuza maji, halafu kukausha kwa nyuzijoto 70, kwa muda wa saa mbili. Rilei zisizozibwa zinalehemiwa baada ya hapo, maana maji yakiingia ndani hayatoki. Bodi inashikwa pembeni. Jasho la vidole nalo ni chumvi.

Mmoja wa mafundi alipendekeza tupake vanishi tu yaishe. Vanishi juu ya uchafu inaufungia ndani. Mvuke unapenya polepole, na malengelenge yanatokea palepale penye chumvi. Tuliipaka, lakini baada ya kuosha.

Viwandani hupima uchafu huu kwa mchanganyiko wa alkoholi asilimia 75 na maji asilimia 25, na kikomo cha zamani kilikuwa mikrogramu 1.56 za chumvi kwa sentimita mraba. Sisi tulitumia ndoo yenye mfuniko na kitambaa kibichi chini: bodi ambazo hazijapakwa vanishi zinaning'inizwa usiku kucha zikiwa na volti 12, asubuhi zinapimwa kabla hazijapata hewa kavu.

Nyingi zilipita. Zilizoendelea kusumbua zilikuwa zile ambazo tamino yake ilikaa imebana kwenye bodi, brashi isifike chini. Hizo tulizing'oa tamino, tukaosha, tukazirudisha zikiwa zimeinuliwa milimita moja.