Oda ya Mmenyuko Haisomwi kwenye Mlinganyo

Nilipokuwa mwanafunzi niliamini kwa muda mrefu kwamba namba zinazotangulia vitendanishi katika mlinganyo uliosawazishwa ndizo oda za mmenyuko, yaani vipeo vinavyoonyesha jinsi kasi inavyobadilika pale ukolezi wa kila kitendanishi unapobadilika. Imani hiyo ilivunjika nilipokutana na mmenyuko wa oksidi ya nitriki na hidrojeni, ambamo molekuli 2 za NO na molekuli 2 za H₂ hutoa nitrojeni na maji. Mlinganyo unasema 2 na 2. Vipimo vya kasi vinatoa oda ya 2 kwa NO na ya 1 tu kwa H₂.

Tuchukue namba za mfano, halijoto ikiwa ileile wakati wote. Jaribio la kwanza lina NO ya molari (moli kwa lita) 0.010 na H₂ ya molari 0.020, na kasi ya mwanzo ni molari 0.00050 kwa sekunde. Katika la pili H₂ inapandishwa hadi 0.060 huku NO ikiachwa ilivyokuwa, na kasi inafika 0.0015. Ukolezi umekua mara 3, kasi nayo mara 3, basi kipeo cha H₂ ni 1. Katika la tatu H₂ inarudishwa 0.020 na NO inapandishwa hadi 0.030, kasi inakuwa 0.0045, yaani mara 9 ya ile ya kwanza, na kwa kuwa 9 ni 3 kwa kipeo cha 2, oda ya NO ni 2.

Jaribio la nne ndilo ninalopenda wanafunzi walitafakari zaidi. NO ni 0.020, H₂ ni 0.040, kasi 0.0040. Likilinganishwa na la kwanza, vitendanishi vyote viwili vimeongezeka mara 2 na kasi mara 8, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 3, nasi kwa jaribio hili pekee tunajua tu kwamba oda zote kwa jumla ni 3. Zinavyogawanyika hatuwezi kujua, kwa maana 2 na 1, 1 na 2, hata 3 na 0 zote zingetoa jibu hilohilo.

Maabara, bila shaka, haitoi 9 kamili. Ukipata 8.7, gawanya logi yake kwa logi ya 3, utapata 1.97, na hapo ni halali kusema 2.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mmenyuko wa asetoni na iodini ndani ya asidi. Iodini imo katika mlinganyo, lakini oda yake ni 0, kwa sababu hatua ya polepole inayoamua kasi hukamilika kabla iodini haijashiriki. Asidi, ambayo ni kichocheo tu na haimo miongoni mwa vitendanishi, ina oda ya 1. Asetoni na asidi zikiwa nyingi, grafu ya ukolezi wa iodini dhidi ya muda hushuka kwa mstari mnyoofu, bila kupinda, mpaka rangi inapokaribia kwisha.